Kamera ya mbele iligoma baada ya kioo kubadilishwa

Gari lilifika karakana hapa Mtwara likiwa na kioo kipya cha mbele, na taa ya njano ya kamera inawaka kwenye dashibodi. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa sensa ya picha imekufa, anunue kamera nzima. Mashine ya kusoma hitilafu za gari ilionyesha mengine: kamera inawasiliana vizuri, ila pembe yake haijapangwa.

Kasoro ilikuwa kwenye kishikio kinachoshika kamera kwenye kioo. Kilibandikwa kwa silikoni iliyokaa nene upande mmoja, kikainuka milimita 1.2 katika urefu wa sentimita 7, yaani karibu nyuzi 1. Si kidogo hata kidogo. Kamera ya lenzi moja hukadiria umbali kwa kuangalia tairi la gari la mbele linapogusa barabara. Ikiwa imefungwa mita 1.3 kutoka chini, gari lililo mita 40 huonekana nyuzi 1.86 chini ya upeo wa macho. Ongeza nyuzi 1, itadhani liko mita 26. Punguza nyuzi 1, itadhani liko mita 87. Breki za kujifunga zenyewe zinategemea hesabu hiyo.

Nilikata silikoni kwa mshipi wa kuvulia samaki, nikasafisha, nikabandika kishikio kikiwa bapa kwa gundi ya vioo vya magari, nikakiacha saa 24. Lenzi haiguswi kwa kidole.

Kisha pembe hupangwa upya kwa kuionyesha kamera bango lenye alama nyeusi, lililosimamishwa mbele ya gari. Kazi kubwa ni sakafu, maana gari lazima likae sawa. Mpira wa maji wa waashi wa kupimia usawa ulionyesha tairi moja la nyuma liko sentimita 2 chini. Nikaweka vipande vya mbao. Upepo wa matairi sawasawa, buti tupu, alaimenti ya magurudumu imeshafanywa, chaja kwenye betri. Mstari wa katikati niliupata kwa timazi mbili, moja nembo ya mbele, nyingine ya nyuma, kisha uzi. Umbali na kimo cha bango hufuata kitabu cha modeli hiyohiyo. Usiazime vipimo vya gari jingine.

Jaribio la kwanza lilikataa. Bango lilikuwa la plastiki inayong'aa na jua la alasiri liliingia mlangoni, hivyo weupe ukafunika alama nyeusi. Nikachapisha jingine kwenye karatasi isiyong'aa, nikashusha turubai. La pili likapita, taa ikazimika.