Ngoma ya Desemba 26

Wakati huo nilikuwa muuguzi katika Kisiwa cha Man, kwenye bahari iliyo kati ya Ireland na Uingereza. Nilipotoka zamu ya usiku, mwenzangu wa wodini, mwenyeji wa hapo, akanishika mkono. "Utalala baadaye. Njoo uone ngoma yetu."

Baridi ya Douglas, mji mkuu wa kisiwa, asubuhi ile ilikuwa ya kukata masikio. Barabarani watu walizunguka mti mrefu uliofungwa matawi ya kijani na utepe wa kila rangi. Fidla ikalia, kodiani ikaitikia (mtu wa Zanzibar hawezi kupita hapo bila kusimama), na watu wazima wenye mvi wakaanza kuruka wakiuzunguka. Zamani katikati ya matawi yale aliwekwa ndege halisi, wren, mdogo wa kahawia, aliyewindwa alfajiri akauawa. Wavuvi waliweka unyoya wake ili chombo kisizame. Siku hizi ndege anaachwa zake.

Mwenzangu alinisimulia habari za Dk. John Clague wa Castletown. Miaka ya 1890, akizunguka kutibu wagonjwa, aliwaomba wamwimbie nyimbo za zamani, akaziandika. Mimi sijawahi kumwomba mgonjwa aniimbie huku nampima presha! Mara nyingi aliandika muziki, maneno yakabaki kidogo tu. William Gill akazitengeneza kwa ajili ya piano, na kwa maoni yangu alizisugua mno, zikawa za sebuleni. Baadaye Mona Douglas akazikusanya ngoma zenyewe na kuhakikisha watoto wa shule wanafundishwa. Wapo wanaosema nyingine alizishona mwenyewe. Hata kama ni kweli, wale wenye mvi walikuwa wakizicheza.

Ngoma ilipopumzika, mpiga fidla akaniuliza kwetu tunaimba nini. Nikamwimbia wimbo wa harusi anaoupenda shangazi yangu. Akaomba niurudie. Akakosa mapigo, akaomba tena, mguu wake ukigonga lami mahali pasipopaswa, mpaka nikampigia makofi, ndipo akaupata. Akaucheza wote kwa fidla, vizuri kuliko nilivyouimba, wenzake wakashangilia.

Maneno hakuyauliza. Nilimwandikia mwenyewe, beti zote, nyuma ya ratiba ya zamu zangu.