Vipimo safi, kichwa bado kinauma: nilivyofika hadi kujua ninachoumwa

Kwa zaidi ya mwaka nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kichwa kinabana kuanzia kisogoni hadi juu ya macho. Siku nyingine kinahamia upande wa kushoto na kugonga, mwanga sitaki, harufu ya vitunguu sitaki. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, na msimu wa sare za shule hatulali, kwa hiyo wengi walisema ni kazi. Wengine wakasema macho. Mama mkwe aliamini nimefanyiwa kitu.

Kila nikienda zahanati mambo yalikuwa yaleyale: natobolewa kidole, kipimo cha malaria kinatoa mstari mmoja, yaani hakuna. Kisha damu ya taifodi, naambiwa "wapo wachache", napewa antibiotiki, narudi nyumbani. Baadaye nilielezwa kuwa kipimo kile cha Widal kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza kupambana na ugonjwa, si bakteria wenyewe, na mtu aliyeugua zamani anaweza kuonekana anayo taifodi kumbe hana. Hili bado linaniuma. Kila dozi ilichukua hela ya mtaji, na jibu likazidi kuchelewa.

Kilichonikwamua ni daftari. Shoga yangu ambaye ni nesi aliniambia, "Mwenzangu, kwa daktari utakaa dakika chache, na siku hiyo kichwa kinaweza kuwa kimetulia. Andika." Nikageuza daftari la wateja: mbele mabega na viuno vya watu, nyuma kichwa changu. Kimeanza saa ngapi, upande gani, kikali kiasi gani kati ya 0 na 10, nimelalaje, nimemeza nini, niko kwenye siku zangu au la. Nikiwa hoi naandika namba tu.

Nikaenda nalo hospitali kubwa. Daktari, mama mtu mzima, alianza na maswali: kichwa kiliwahi kunishika ghafla, kikali kuliko vyote maishani? Homa na shingo kukakamaa? Mkono au mguu kufa ganzi, ulimi kuwa mzito, macho kupoteza nuru? Nimeanguka? Nina mimba? Akasema lolote kati ya hayo ni la kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Akanipima presha, akanimulika machoni, kisha akasema kwa sasa sihitaji CT scan, ile picha ya ndani ya kichwa. Nilivunjika moyo, maana nilikuwa nadunduliza hela ya kipimo hicho.

Ndipo akafungua daftari. Alishuka na ncha ya kalamu kwenye safu ya dawa, polepole, mstari kwa mstari, hadi mwisho wa ukurasa. "Mwanangu, umeona? Karibu kila siku." Akanieleza kuwa dawa za kawaida za maumivu zikitumiwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, zenyewe huweza kuleta maumivu ya kichwa; na zile za mchanganyiko, zenye dawa zaidi ya moja ndani ya kidonge kimoja, hata siku 10 zinatosha. Chini yake kulikuwa na kipandauso (migraine), kile kichwa cha upande mmoja kinachogonga. Hakuna zahanati iliyowahi kuniuliza nameza vidonge vingapi.

Kuhusu uchovu, aliuliza hedhi yangu ikoje. Nzito, nikamjibu, tangu zamani. Wingi wa damu ulikuwa chini kidogo tu ya 12, kiwango cha chini cha kawaida kwa mwanamke, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka, lakini akiba ya madini ya chuma, wanayoipima kwa ferritini, ilikuwa imekauka.

Kuacha vidonge kulikuwa kugumu. Majuma ya mwanzo kichwa kilizidi, na nilimwachia mdogo wangu cherehani. Usiku nilikuwa nameza amitriptilini kidogo, dawa ya kuzuia kichwa kisije, aliyoniandikia daktari. Inakausha mdomo, lakini usingizi ulirudi. Vidonge vya chuma navimeza na chungwa, chai nainywa baadaye sana kwa sababu inazuia chuma kuingia mwilini. Mama mkwe mwenyewe ndiye anayenikumbusha sasa: "Mkwe, chai bado."

Kichwa hakijaisha. Kinakuja karibu na siku zangu, nakijua, nalala gizani mapema. Ultrasaundi imeonyesha uvimbe mdogo kwenye kizazi, na huenda ndio unaosababisha hedhi nzito. Mwezi ujao naenda kliniki ya akina mama kuufuatilia, na daftari naenda nalo.