Siku Moja Maishani Mwangu: Mwongozaji wa Baiskeli Ufukweni Rio, Jumamosi ya Kanivali

Ndugu zangu wa Bukavu wakiona picha zangu nikiwa juu ya baiskeli, nyuma yangu bahari ya Copacabana, hunipigia simu kuniuliza kama kweli ninalipwa kwa kustarehe. Nimeamua kuwaandikia jinsi Jumamosi moja ya Kanivali, sherehe kubwa ya ngoma na mavazi ya kujipamba mitaani hapa Brazil, ilivyokwenda, ili anayetaka kunionea wivu anionee akijua anachokionea.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa kituo cha treni cha Brás de Pina, mtaa wa kaskazini mwa Rio de Janeiro ambako Wakongo wengi tunaishi. Treni ya saa hiyo kwa kawaida hujaa wapishi, walinzi na wafanyakazi wa majumbani wanaosinzia. Siku hiyo ilijaa watu waliovaa nguo nyeupe zenye madoadoa meusi, nyuso zimepakwa rangi, mikononi makopo ya bia. Walikuwa wakienda katikati ya jiji kuandamana na Cordão da Bola Preta, kundi lililoanzishwa mwaka 1918, ambalo kila Jumamosi ya Kanivali hufurika barabarani tangu asubuhi. Tulishuka pamoja kituo cha Central, wao wakiimba, mimi nikikimbilia metro ya Copacabana.

Kuanzia saa moja hadi saa mbili, kwenye duka la baiskeli ninakofanya kazi, ni pampu, breki, mafuta ya mnyororo, na kufuta chumvi ya bahari ambayo hula chuma usiku kucha.

Saa mbili akafika mteja wangu, Mholanzi wa makamo, mrefu, soksi kazivuta hadi magotini, aliyekuwa amelipia baiskeli na mwongozaji kwa siku nzima. Nilipoanza kumweleza namna ya kubadili gia, alinikatiza kwa upole akasema kwamba kwao mtoto hujua kuendesha baiskeli kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Nilimwomba simu yake aitie kwenye mfuko wa zipu badala ya kuifunga kwenye usukani, kwa kuwa siku za Kanivali simu iliyo wazi haifiki Ipanema. Alikubali, huku akinitazama kama mtu anayesimuliwa habari za mazimwi.

Njia ya baiskeli kutoka Leme hadi mwisho wa Leblon ni kama kilomita nane, tambarare tupu, na watu wa hapa wakielekezana hutaja namba za vituo vya waokoaji, kuanzia Posto 1 kule Leme hadi Posto 12 Leblon. Copacabana tuliimaliza kabla ya saa tatu na nusu, pamoja na kusimama Posto 6 ili apige picha na sanamu ya mshairi Carlos Drummond de Andrade, aliyeketi kwenye benchi akiipa bahari mgongo. Miwani ya sanamu hiyo imeshaibwa mara nyingi. Nilimweleza hilo, na tangu hapo hakuuliza tena habari ya zipu.

Kisha tukaingia Ipanema, tukakutana na bloco. Hili ni kundi la mtaani la ngoma na tarumbeta ambalo watu hulifuata bila kiingilio. Kila msimu jiji hutoa vibali kwa mamia ya makundi hayo, na sijaona hata moja linaloheshimu njia ya baiskeli. Nilishuka nikaanza kukokota. Mholanzi hakushuka. Alipiga kengele, akasema njia hii ni ya baiskeli, na kwa kweli alama zilikuwepo. Akapiga tena. Mwanamume mmoja mwenye ndevu, aliyevaa kama mtawa, akaudaka mlio ule kwenye kigoma chake, waliomzunguka wakaupigia makofi, na kengele ya mteja wangu ikawa sehemu ya muziki. Jambo hilo lilimuudhi kuliko angetukanwa. Akakanyaga pedali kwa nguvu, na gurudumu la nyuma likanasa bawa la dada aliyejivika umalaika.

Nililala chini juani, miguu ya watu ikipita kando ya sikio langu, bia ikinidondokea shingoni. Waya wa bawa ulikuwa umejizungusha mara mbili kwenye gia, neti imejisokota kati ya pingili za mnyororo, na vumbi la kumetameta limeganda kwenye grisi kama mchanga. Nilichomoa uzi mmoja mmoja kwa koleo. Malaika alisimama juu yangu akisubiri bila hasira. “Kaka, nirudishie hata waya tu, nitaukunja upya.” Mholanzi naye alisema ningeanza kwa kutoa gurudumu, na jambo lililonichoma ni kwamba alikuwa sahihi.

Sijui tulitoka pale saa ngapi. Nakumbuka dafu la baridi kwenye kibanda cha Leblon, kinywaji ambacho nimekijulia hapa kwa sababu Bukavu tuna ziwa, hatuna mnazi. Wasomaji wa Pwani mtaniwia radhi. Nakumbuka pia kwamba, shingo ikiwa nyekundu kama nyanya, Mholanzi alitaka tuendelee na njia ya baiskeli iitwayo Tim Maia kuelekea São Conrado. Njia hiyo, iliyojengwa kando ya mwamba juu ya bahari, ilifunguliwa Januari 2016, na tarehe 21 Aprili mwaka huohuo wimbi lilipiga kutoka chini likainua kipande chake, watu wawili wakafa. Nilikataa. Akanijibu kwamba kwao wameizuia bahari nzima kwa kuta. Nikamwambia bahari ya kwao haikunikabidhi mteja.

Jua lilipozama tulikuwa kwenye mwamba wa Arpoador, ambako watu hulipigia makofi. Alipiga makofi naye, machozi yakimlengalenga, huku mimi nikihesabu spoku: mbili zimekatika. Dukani aliagana nami kwa heshima kubwa akaenda zake, na mwenye duka akakata spoku zile kwenye ujira wangu.

Kwenye treni ya kurudi, wale wa madoadoa meusi walikuwa wamelala wakiegemeana. Mama mmoja aliyekuwa bado macho alinitazama mikono, shingo na nywele, kote nikimetameta, akatabasamu. “Umetoka bloco gani, mwanangu?”

Nikamjibu, “La Ipanema.”