Jinsi nilivyoyaorodhesha makaburi ya ukoo wetu Lamu

Maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye makaburi ya ukoo wetu yalikuwa yamelika kwa chumvi ya bahari, na picha nilizopiga adhuhuri hazikuonyesha herufi hata moja. Ami yangu alipendekeza tuyasugue kwa brashi ya waya, nami nilikataa kwa heshima, kwa kuwa chokaa kuukuu hubanduka pamoja na herufi zake. Nilirudi alasiri nikiwa na kioo cha kunyolea, nikakitumia kuelekeza mwanga wa jua ubavuni mwa jiwe, na vivuli vikazidhihirisha herufi.

Tatizo lililobaki ni tarakimu za Kiarabu, maana ٢ (2) na ٣ (3) zikichakaa hufanana mno. Kila mwaka wenye shaka niliuandika pamoja na alama ya kuuliza, kisha nikauweka mwaka wa Hijria kando ya miaka miwili ya Miladi, mathalani 1312 mkabala wa 1894 na 1895, kwa sababu mwaka wa mwandamo ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku kama 11, hivyo kwa kawaida huanza ndani ya mwaka mmoja wa Miladi na kuishia katika unaofuata.

Makaburi yasiyo na maandishi niliyachora kwenye ramani kwa nambari. Kwa kuwa kibla cha Lamu, yaani upande wa Makka, ni kaskazini, na maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akikielekea, upande wa kichwa niliuhesabu kuwa mashariki.