Samaki wa sentimita 4 na msongo wa mawazo

Watu wengi nikiwaambia kuna wanasayansi wanaochunguza sonona kwa kutumia samaki wanashangaa, samaki na mawazo wapi na wapi. Mimi hii habari naifuatilia muda sasa na naona inastahili kusimuliwa kwa Kiswahili, kwa hiyo naandika.

Anaitwa samaki pundamilia, kitaalamu Danio rerio, kale kenye mistari ya bluu kanakofugwa kwenye matangi ya vioo sebuleni, akikua anafika kama sentimita 4 tu. Kwao ni mito na mashamba ya mpunga ya India, Bangladesh na Nepal. Aliyemfungulia mlango kwenye jenetiki ni George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, aliyetoa makala yake kwenye jarida la Nature mwaka 1981.

Raha yake ni kwamba jike anataga mayai mamia kwa mkupuo mmoja, tena asubuhi taa zikiwashwa tu, na yai lenyewe unaona mpaka ndani. Liweke chini ya hadubini, ndani ya saa 24 moyo unadunda na ubongo unajigawa sehemu zake huku unatazama, siku ya tatu kashatoka kwenye yai, siku ya tano ana milimita 4 na nyuroni, yaani seli za neva, kama 100,000 na tayari anaogelea, analala, anashtuka. Kwa panya hatua hizo za mwanzo zote zinapita tumboni kwa mama. Mwaka 2013 kwenye kituo cha utafiti cha Janelia, Marekani, Misha Ahrens na Philipp Keller walirekodi zaidi ya 80% ya nyuroni za kichanga wa samaki huyu zikifanya kazi, yaani ubongo karibu wote, akiwa hai.

Sasa tuje kwenye stresi. Homoni yake kuu ya stresi ni kotisoli, ileile ya kwetu sisi binadamu, wakati panya anatumia zaidi kotikosteroni. Ukipata tishio ubongo unaagiza, kotisoli inamwagwa kwenye damu, halafu hiyohiyo kotisoli inarudi kwenye ubongo, inashika kwenye kipokezi chake, yaani protini inayoipokea, na kuuambia inatosha, punguza. Hiyo ndo breki. Timu ya mwanasayansi Herwig Baier, makala yao ilitoka 2013, walikuwa na samaki ambao kipokezi hicho hakifanyi kazi kwa sababu ya hitilafu kwenye jeni moja, kwa hiyo kotisoli inabaki juu.

Samaki wa kawaida ukimtenga na wenzake ukamweka kwenye tangi geni, mwanzoni anaogopa, baadaye anaanza kuzunguka kukagua, na ukirudia siku zinazofuata anazoea. Huyu mwenye hitilafu anaganda, kesho yake ukimrudisha anaganda tena, hazoei. Wakatia fluoksetini kwenye maji yake, ileile dawa ya sonona ambayo watu wanaandikiwa hospitali, akarudi kuogelea na kukagua. Na lililonigusa zaidi ni hili, walipomwacha amwone samaki mwenzake, kumwona tu, tabia yake ilipata nafuu.

Kwa kweli nikisikia mtu mwenye sonona anaambiwa ajikaze, eti anawaza sana, nawaza huyu samaki. Hana kodi ya nyumba wala hajafiwa, na hakuna anayeweza kusema hana imani. Kipokezi kimoja kimeharibika na basi, dunia ngeni inamshinda.

Ila tusivuke mpaka. Samaki hawezi kukuambia anasikia sauti, hana gamba la ubongo (tabaka la juu la ubongo) kama letu, kwa hiyo ukisoma mahali kwamba samaki ana skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao mtu anaweza kusikia sauti zisizokuwepo, usikubali. Anachoweza kutuonyesha ni jeni fulani inafanya nini ubongo unapojengwa, na hapo anafaa sana maana karibu 70% ya jeni za binadamu zina ndugu yake kwa samaki huyu. Watafiti Summer Thyme na Alexander Schier na wenzao mwaka 2019 waliharibu moja moja jeni 132 zinazohusishwa na skizofrenia, wakaangalia ubongo na tabia, wakabaki na zaidi ya 30 za kufuatilia kwa karibu. Mojawapo inaitwa znf536, na inahusika na ukuaji wa nyuroni za ubongo wa mbele zinazohusishwa na stresi na kuishi na wenzako. Habari za jeni hiyo ndo nazisubiri kuliko zote, maana yule samaki aliyepata nafuu kwa kumwona mwenzake mpaka leo sijachoka kumfikiria.