Kabla hujapandisha nguvu ya Wi-Fi, angalia chaneli

Watu wengi wakishafungua mipangilio ya juu ya ruta, kitu cha kwanza wanachokimbilia ni nguvu ya mawimbi, na wanaipandisha hadi mwisho. Mara nyingi haisaidii. Ruta itasikika mbali, ndiyo, lakini simu ina antena ndogo na betri ya kutunza, kwa hiyo jibu lake halifiki. Hapo ndipo unapoona mistari yote imejaa na ukurasa haufunguki. Isitoshe, ruta hurusha kwenye chaneli, yaani kipande kimoja cha masafa ya redio, na hewa ni moja kwa kila kifaa kilicho kwenye chaneli hiyo, viwe vyako au vya jirani, na vinasubiriana zamu. Ruta yenye kelele inawasubirisha wengine bila wewe kunufaika. Kwenye nyumba ya kawaida nguvu ya wastani inatosha.

Tuanze na 2.4 GHz, moja ya bendi mbili za kawaida za Wi-Fi (nyingine ni 5 GHz), maana huko ndiko kwenye msongamano. Chaneli zake zimeachana kwa MHz 5 tu, ilhali kila moja inahitaji upana wa MHz 20. Ukichagua chaneli 3, unaigusa 1 na unaigusa 6. Zisizogongana ni 1, 6 na 11, basi. Ruta mbili zilizo kwenye chaneli 6 zinasikiana na kupeana zamu. Lakini moja ikiwa 6 na nyingine 4, kila moja ni kelele tu kwa mwenzake, pakiti (vipande vya data) zinaharibika na kutumwa upya. Kwa hiyo ni heri ukae na jirani kwenye chaneli moja kuliko kumkanyaga nusunusu.

Kabla ya kuchagua, pima kwa programu ya kuchunguza Wi-Fi, ukiwa pale unapoutumia mtandao, maana ukipima kando ya ruta utadanganyika. Kumbuka namba za nguvu ya mawimbi, kwa kipimo cha dBm, ni hasi: -55 dBm ni bora kuliko -75. Kwa simu za sauti na video lenga -67 au bora zaidi. Upana uweke MHz 20, na usiiachie ruta ijichagulie kati ya 20 na 40: MHz 40 kwenye 2.4 GHz inakula karibu nusu ya masafa yote.

Kwenye 5 GHz kuna nafasi zaidi, lakini nako watu wanajitanua kupita kiasi. Ukiweka MHz 80 kwenye chaneli 36, umeshachukua 36, 40, 44 na 48 kwa mpigo. Kila unapozidisha upana mara mbili, kelele inayoingia kwenye kipokezi inaongezeka dB 3, yaani mara mbili, ndiyo maana chaneli pana huishiwa pumzi mapema ukiweka ukuta katikati. Kwenye jengo la ghorofa lenye wapangaji wengi ningeweka 40. Nyumba iliyojitenga, 80. MHz 160 ina mtego wake: ukianzia 36 inafika hadi 64, na kuanzia 52 unaingia kwenye chaneli zinazotumiwa na rada. Huko ruta inalazimika kunyamaza na kusikiliza kwa sekunde 60 kabla ya kurusha, na ikisikia rada inahama, isirudi kwenye chaneli hiyo kwa dakika 30. Kama mtandao wa 5 GHz hupotea ghafla kisha ukarudi wenyewe, shuku hilo kabla hujaitupia ruta lawama. Rudi 36 hadi 48.

Hakikisha pia nchi iliyochaguliwa kwenye ruta ndiyo uliyomo. Ukiweka nyingine unaweza kuangukia chaneli ambayo simu zako haziruhusiwi kuitumia, na mtandao usionekane kabisa.

Usalama, yaani namna mtandao unavyofungwa kwa nywila: chagua WPA2 yenye AES (njia ya kusimba data), au WPA3 kama vifaa vyote vinaiweza. TKIP, usimbaji wa zamani, izime kabisa, kwani mbali na udhaifu wake, kifaa kikiitumia kasi yake haivuki Mbps 54. Printa au kamera ya zamani ikigoma kuingia kwenye WPA3, usishushe mtandao mzima kwa ajili yake. Iundie jina lake la mtandao (SSID) kwenye 2.4 GHz lenye WPA2. Ila usizidishe majina, maana kila moja linajitangaza takriban mara kumi kwa sekunde, tena kwa kasi ya chini. WPS ya PIN (njia ya kuunganisha kifaa kwa namba badala ya nywila) izime: tangu 2011 inajulikana kwamba tarakimu zake nane hukaguliwa nusu kwa nusu, hivyo majaribio yasiyozidi 11,000 yanatosha kuipata.

Muda kati ya tangazo moja la jina na jingine (beacon interval) uache 100 ulivyo.

Kama baada ya hayo chumba cha mwisho bado hakipati, ongeza ruta ya pili kwa waya. Iunganishe kwanza na kompyuta peke yake, bila kugusa ruta kuu. Ipe anwani 192.168.1.2 ikiwa kuu ni 192.168.1.1, na uhakikishe anwani hiyo iko nje ya zile ambazo ruta kuu huvigawia vifaa, tuseme zinazoishia na 100 hadi 200. Kisha zima DHCP yake, yaani kazi ya kugawa anwani. Mwisho chomeka waya kutoka tundu la LAN (la vifaa vya nyumbani) la ruta kuu hadi tundu la LAN la hii, si WAN (la kuingizia intaneti). Ukichomeka WAN bila kuibadili kuwa akses pointi (kituo cha kurusha Wi-Fi tu), unapata mitandao miwili, na kompyuta iliyo kwenye ruta kuu haitaiona printa iliyo kwenye ya pili. Ukisahau DHCP, baadhi ya vifaa vitaambiwa njia ya kutokea ni 192.168.1.2: vitaunganishwa vizuri ila intaneti havina, na kesho yake vingine ndivyo vitakavyogoma.

Jina, nywila na aina ya usalama vifanane kwenye zote mbili, chaneli zitofautiane. Kuhama kutoka moja kwenda nyingine huamuliwa na simu. iPhone, kwa mfano, huanza kutafuta penginepo mawimbi yakishuka chini ya -70 dBm, kwa hiyo ikiwa ruta kuu bado inafika chumbani kwa -65, simu itaing'ang'ania. Sasa ndipo ushushe nguvu ya ruta kuu, dB 3 kwa kila hatua, ukipima upya kila mara.