Mwezi wa kumi ni mwezi wa vyeti

Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma mjini, ina fotokopi mbili, kompyuta moja inayowaka ikijisikia, na mashine ya laminesheni. Kwangu mwaka hauanzi Januari, unaanza msimu wa mahafali. Darasa la saba wakishamaliza mtihani wao mwezi wa tisa, form four nao wakiwa wanajiandaa na wa Novemba, hapo katikati ndo walimu wa taaluma wanaingia na flashi zao mkononi, "dada, vyeti themanini, kesho saa mbili asubuhi tuvikute." Kesho! Na mgeni rasmi wamemwalika tangu mwezi wa saba.

Sasa ukichapa vyeti vya shule miaka sita mfululizo unajikuta unajua mambo ambayo hakuna mtu kakuambia. Mimi najua majina. Shule ileile, majina yaleyale. Kuna binti nimemchapia tangu yuko form one, wa kwanza Hisabati, wa kwanza Fizikia, wa kwanza Kemia, wa kwanza kwa ujumla, nidhamu yeye, afu mwisho wa orodha unakuta na usafi wamempa. Sina ubaya na huyo mtoto, anajituma na anastahili, ila darasa lina watoto mia na kitu, na wale wengine wote siku hiyo kazi yao ni kukaa juani kwenye viti vya kukodi wanapiga makofi ya kilo kila akiitwa, anaenda anarudi, anaenda anarudi, mpaka mama yake anachoka kwenda kumtunza.

Labda naongea hivi kwa sababu na mimi nina kidonda changu. Primari nilikuwa wa nne. Mara tatu mfululizo wa nne, na zawadi shuleni kwetu zilikuwa za watatu tu. Siku ya kufunga shule tunasimama mstarini, mwalimu mkuu anasoma matokeo, wa kwanza anapewa sahani na kikombe cha bati na madaftari, wa pili madaftari na kalamu, wa tatu kalamu na daftari moja la kurasa hamsini hivi, afu anaruka moja kwa moja kwenda kusoma watano wa mwisho ili wazomewe. Kwa hiyo kuna watu wanasomwa kwa kupigiwa makofi na kuna watu wanasomwa kwa kuzomewa, na sisi wa katikati hatusomwi kabisa. Nilifika nyumbani mama ananiuliza umekuwa wa ngapi, namwambia wa nne, anasema wa nne ndo nini, mbona huna kitu mkononi? Mpaka leo nikiona sahani ya bati yenye maua mekundu pembeni roho inanicheza.

Kuhusu hii ishu ya nani kaongoza, mtakumbuka Januari 2023 Baraza la Mitihani walivyotangaza matokeo ya form four bila ile orodha ya kumi bora, si ya shule wala ya wanafunzi. Hapa dukani siku hiyo watu walibishana mpaka wakasahau fotokopi zao. Wengine wanasema watoto watakosa hamasa, wengine wanasema shule ya bweni yenye maabara unaishindanishaje na ya kata ambayo mwalimu wa Fizikia hayupo. Mimi nilikuwa upande wa pili, bado niko huko. Ila nikiri tu kwamba hazikupita wiki mbili nikapata oda ya bango la shule iliyojihesabia yenyewe na kujitangaza ya kwanza kwa vigezo inavyovijua yenyewe. Nikachapa. Hela ni hela.

Kuna na ugonjwa wa upande wa pili, huo uko zaidi huku chekechea. Kila mtoto joho, kila mtoto kofia, kila mtoto cheti. Picha zinapendeza, sikatai, hata wa dada yangu nimemchapia na nikamwekea nyota nyingi kuliko wenzake. Lakini kimeandikwa Cheti cha Ushiriki. Ushiriki wa nini? Hakuna anayejua. Niliwahi kumuuliza mwalimu aliyeleta oda tuandike nini hapo kwenye ile mistari ya nukta, akasema acha tu dada, weka maua.

Mdogo wangu anasoma ualimu Kasulu, akija likizo ananisaidia kukata karatasi huku ananipigia stori za vitu wanavyosoma kwenye saikolojia. Akanisimulia utafiti wa 1973, wa Mark Lepper wa chuo kikuu cha Stanford kule Marekani na wenzake. Walichukua watoto wadogo wa chekechea wanaopenda kuchora na maka peni kwa raha zao tu. Wengine wakaahidiwa kabisa kwamba ukichora utapewa cheti, chenye nyota ya dhahabu na utepe, wengine wakapewa kwa kushtukizwa baada ya kuchora, wengine hawakupewa kitu. Ikapita wiki moja mbili hivi, zile peni zikarudishwa darasani watoto wachague wenyewe wacheze na nini. Wale walioahidiwa cheti wakachora kwa muda kama nusu tu ya wenzao. Yaani kile kitu walichokuwa wanakipenda bure kikageuka kibarua, na malipo yamekwisha, sasa nichore ya nini? Waliopewa kwa kushtukizwa hawakuharibika.

Nikasema basi dawa ni kuwashtukiza. Akacheka akaniambia subiri, kuna mwingine wa California uliotoka 2021, wanafunzi zaidi ya 15,000 walihusika, na wale waliopewa tuzo ya mahudhurio kwa kushtukizwa ndo wakaanza kukosa shule zaidi kuliko ambao hawakupewa. Inaonekana mtoto akiipata anajiambia kumbe mimi nahudhuria kuliko wenzangu, kumbe hata shule haikutegemea nije hivi, basi leo nipumzike. Hapo nikachanganyikiwa kabisa, nikaona bora nirudi kwenye karatasi zangu.

Ila kuna oda moja ya Oktoba 2024 haijanitoka kichwani mpaka leo. Mwalimu mmoja wa sekondari, sitaji shule, alikuja bila flashi, ana daftari. Majina 43 kayaandika kwa mkono na mbele ya kila jina kuna sentensi yake. Nikamwambia mwalimu hii itachukua muda, kila cheti maneno tofauti, siwezi kukopi na kupesti. Akasema ndo maana nimekuja siku nne kabla (mwalimu wa kwanza na wa mwisho kusema hivyo humu dukani). Mmoja kaandikiwa kwamba ndiye aliyekuwa anabaki kuwafundisha wenzake Hisabati jioni. Mwingine kwamba ameacha kuandika mwandiko usiosomeka, nikacheka peke yangu. Na mmoja wa form three: "Amepanda kutoka nafasi ya 94 hadi ya 41 kati ya wanafunzi 118." Wa arobaini na moja! Nilidhani mwalimu kakosea, nikampigia simu, akasema hapana dada, chapa hivyohivyo.

Siku mbili baada ya mahafali akaja mzee, kakivisha cheti gazeti, ananukia dagaa, nikajua tu ni wa Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, niwekee hiki plastiki. Kabla sijakiweka kwenye mashine akaniambia nisomee hapo katikati walipoandika sana, nimesomewa na kijana ila anasoma harakaharaka. Nikamsomea taratibu. Akanyamaza. Afu akasema, "Mwaka huu si ziwa lilifungwa."

Ni kweli, mwaka ule Ziwa Tanganyika lilifungwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti. Akanieleza kwamba kijana wake kila giza la mwezi alikuwa anakesha mwaloni, mitumbwi ya taa ikirudi alfajiri yeye ndo anapokea na kuanika, saa moja anaenda shule kalala kwa macho. Lilipofungwa, mtoto akalala usiku kama watu wengine. Mtihani wa mwezi wa tisa ndo huo kapata ya 41. Lilipofunguliwa mzee akamwambia usirudi mwaloni siku za shule, dagaa nitaanika mimi na mama yako. "Sasa hiki cheti," akaniambia huku anacheka, "kingeandikwa jina la serikali." Nikamwambia hapana mzee, labda jina lako. Akaona aibu, akaanza kutafuta hela mfukoni.

Nikamlaminetia, nikamwonya kabisa asikate pembeni maana ukikata tu maji yanaingia. Wiki mbili mbele huyo anarudi, kakata pembe zote nne kitoshe kwenye fremu aliyokuwa nayo, kikalowa, wino umetawanyika, ile 41 haisomeki. Bahati nzuri faili nilikuwa sijafuta. Safari hii akataka viwili, kimoja cha nyumbani na kimoja ampelekee bibi wa kijana Ujiji, nami nikampimia urefu na upana kwa rula nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi aende nacho kwa muuza fremu. Akakishika vizuri, akaaga, akaondoka, na ndo naandika hapa nakumbuka kwamba vile vya pili hakunilipa.